"Gari Hili Halijawahi Kuua Mtu": Tangazo la Usalama Hupimwa Vipi?

SWALI:

Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Unguja. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, upande wa Mawengi, na kila likizo tunamfuata huko. Tumeweka akiba miaka sita ili tununue gari. Shemeji yangu ni dalali wa magari Dar es Salaam, naye ametuletea tangazo la yadi moja: "Tumeuza magari 200 ya aina hii, hakuna mteja hata mmoja aliyefariki. Salama asilimia 100." Chini yake wameandika: "Magari 9 katika kila 10 tuliyouza bado yako barabarani." Gari lenyewe ni la watu saba na ni la zamani kidogo. Mume wangu anataka gari dogo la watu watano, jipya zaidi, ambalo amesoma kuwa lilipata nyota tano. Yeye anasema tangazo la ndugu yake ni maneno ya biashara. Shemeji anasema hizi ni takwimu na takwimu hazisemi uongo. Wameshaanza kununiana. Je, tuliamini tangazo hili? Na shemeji akilisambaza kwa watu anapata dhambi, na kamisheni yake ni halali?

JIBU:

AlhamduliLlaah, na swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad. Dada yetu, swali lako lina mambo mawili, na la pili halijibiki mpaka la kwanza lifahamike. Hukumu ya mwenye kusambaza khabari inategemea khabari yenyewe ni ya namna gani. Kwa hiyo tutaanza na hesabu. Tunawaomba wasomaji wasichoke, kwani matangazo ya namna hii yamejaa kwenye simu zetu, na wengi tunayapokea kwa sababu tu yana tarakimu ndani yake.

Wanafunzi wa madrasa wanajua kwamba Wanachuoni wa Hadiyth hawakuipokea khabari kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: nani kapokea kwa nani? Alikuwapo? Hifdhi yake ikoje? Ana maslahi gani katika anayoyasimulia? Mpokezi asiyejulikana walimwita majhuwl wakaiweka khabari yake pembeni. Tukiutumia mzani huo huo kwenye tangazo la yadi, swali la mwanzo ni hili: nani aliyewahesabu hao wateja 200? Mtu akinunua gari Dar es Salaam akaenda nalo Tunduma, Songea au Ludewa, kisha akapata ajali, ni nani atakayempigia simu muuzaji kumpa khabari ya msiba? Wenye kurudi yadi ni walio hai, wanaotaka kubadilisha gari au kuwaletea ndugu zao. Waliokufa hawarudi kutoa ushahidi. Basi kauli ya "hakuna aliyefariki" inaweza kuwa na maana ya "hatukusikia", na baina ya mawili hayo pana masafa marefu.

Lakini tumkubalie muuzaji. Tuseme amewafuatilia wote kwa mwaka mzima na kweli wote wako hai. Je, hapo gari limethibiti kuwa ni salama?

Hapa ndipo shemeji yako alipopotea, wala si peke yake. Chukua mfano wa kufikirika tu. Tuseme katika kila magari 1,000 ya aina fulani, gari moja kwa mwaka hupata ajali inayoua mtu aliyemo ndani. Hiyo ni hatari ya kutosha kumkosesha mzazi usingizi. Sasa gawa magari hayo kwa wauzaji, kila mmoja auze 200. Ukipiga hesabu, uwezekano wa muuzaji mmoja kumaliza mwaka bila kifo chochote ni kama asilimia 82. Yaani katika wauzaji kumi wa gari hilo lenye hatari, wanane wataweza kuandika tangazo lile lile bila kusema uongo. Na lau gari lingekuwa na hatari maradufu ya hiyo, bado karibu saba katika kumi wangeliandika. Tangazo ambalo gari baya na gari zuri yote yanaweza kulibeba halikujulishi umeletewa lipi.

Watu wa takwimu wana kanuni nyepesi wanayoiita kanuni ya tatu: ukichunguza vitu kadhaa usione tukio hata moja, gawa 3 kwa idadi ya ulivyovichunguza, utapata mpaka wa juu wa hatari ambayo huwezi kuikataa. Kwa magari 200 ni 3 kugawa kwa 200, sawa na 15 katika 1,000. Hatusemi kwamba gari hilo lina hatari ya kiasi hicho. Tunasema magari 200 hayatoshi kuikanusha. Sifuri iliyotoka kwenye hesabu ndogo ni kama kuchungulia dirishani mara moja mwezi wa Aprili, ukaona mvua haijanyesha, ukatangaza kwamba masika hayapo.

Makampuni makubwa nayo hayakusalimika na kosa hili, na wala hayana udhuru, kwani wao wana wasomi wa hesabu wa kuwaajiri. Mwezi wa Mei 2016 mtu mmoja alifariki huko Florida, Marekani, akiwa kwenye gari la Tesla lililokuwa likijiongoza kwa mfumo wake wa Autopilot. Kampuni ikatoa taarifa mwishoni mwa Juni kwamba hicho ni kifo cha kwanza kinachojulikana katika maili zaidi ya milioni 130 zilizoendeshwa kwa mfumo huo, na kwamba kwa magari yote ya Marekani hutokea kifo kimoja katika kila maili milioni 94. Msomaji wa haraka ataona 130 ni kubwa kuliko 94, basi mfumo ni salama zaidi. Ngoja kwanza. Lau kesho yake kungetokea kifo cha pili, ile 130 ingegeuka kuwa 65, na mfumo ule ule ungeonekana wenye hatari zaidi kuliko wastani. Hoja inayopinduliwa na tukio moja haijasimama. Mwaka huo huo watafiti wa taasisi ya RAND walipiga hesabu wakaonesha kwamba ili kuthibitisha kwa yakini ya asilimia 95 kuwa magari yanayojiendesha hayaui zaidi ya wanadamu wanavyoua, ingebidi yatembee maili milioni 275 bila kifo hata kimoja.

Kisha tazama wanaolinganishwa. Upande mmoja ni magari mapya, ya bei kubwa, yanayotumia mfumo ule zaidi kwenye barabara kuu pana zenye njia zilizotenganishwa. Upande wa pili ni kila kitu: magari mabovu ya miaka 20, pikipiki, vijana waliojifunza udereva jana, barabara za vijijini usiku. Ni sawa na kuzilinganisha boti za kwenda Dar na ngalawa za wavuvi, kisha ukasema nahodha wa boti ndiye hodari zaidi.

Katika hesabu za shule tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Matangazo hupenda kukuonesha kiasi na kuificha asili, au kukupa asili ya mahali pengine. Kila anapokuambia "vifo vichache", muulize: katika magari mangapi, yaliyotembea kilomita ngapi, barabara gani, na nani aliyekuwa nyuma ya usukani?

Hili la mwisho ni zito. Mwaka 2015 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilitoa orodha ya vifo vya madereva kwa aina za magari ya mwaka 2011. Wastani ulikuwa vifo 28 kwa kila magari milioni moja yaliyosajiliwa kwa mwaka. Gari dogo la Kia Rio lilifika 149. Aina tisa zilipata sifuri, miongoni mwao Volvo XC90 na Honda Odyssey. Hii ni kazi ya watu makini: asili ni kubwa, na orodha zao huchapishwa pamoja na mipaka ya juu na ya chini, ili msomaji ajue sifuri hiyo imekaa imara kiasi gani. Lakini gazeti au muuzaji akiichukua huiacha mipaka na kubakisha sifuri. Tena waliohesabiwa ni madereva tu, si abiria. Na Honda Odyssey ni gari la familia, la watu wanaopeleka watoto skuli asubuhi na kuwarejesha mchana. Sehemu ya usalama wake imo kwenye chuma, na sehemu nyingine imo kwa mama aliyeshika usukani akijua nani amekaa nyuma yake. Ukilinunua gari hilo huuziwi pamoja na dereva huyo.

Ama ile kauli ya pili ya tangazo, ya magari 9 katika kila 10 kuwa bado yako barabarani, hii ni ya zamani sana. Volvo waliitumia huko Marekani miaka mingi iliyopita kwa magari yao yaliyosajiliwa katika miaka 11, na wengine wakaiga. Ni kauli inayoweza kuwa kweli herufi kwa herufi na bado ikakupoteza. Chukulia yadi imefanya kazi miaka kumi. Miaka mitano ya mwanzo ilikuwa changa ikauza magari 5 tu, na miaka mitano ya mwisho ikauza 95. Hata kama yale 5 ya mwanzo yote yameshakuwa vyuma chakavu, bado magari 95 katika 100 yako barabarani. Hujaambiwa chochote kuhusu uimara. Umeambiwa tu kwamba mengi yameuzwa karibuni. Muulize mwenye yadi: katika yale ya mwaka wa kwanza, mangapi yanatembea leo?

Sasa tuje kwa mume wako na nyota zake tano, kwani naye hatutamwacha.

Nyota si uongo. Gari hupigwa kwenye kizuizi mbele ya mashahidi, ndani yake mna sanamu lenye vipimo, na matokeo huandikwa. Ni elimu yenye manufaa na imeokoa watu wengi. Lakini nyota nazo zina mipaka. Mwezi wa Oktoba 2018 Tesla walitangaza kwamba gari lao la Model 3 lina uwezekano mdogo zaidi wa kuumiza kuliko magari yote yaliyowahi kupimwa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA. Mamlaka hiyo hiyo ikawaandikia barua mwezi ule ule kuwaambia kwamba kauli hiyo inapotosha. Sababu yake ni hii: gari likigongeshwa kwenye ukuta usiotikisika, ni kama limegongana na pacha wake, mwenye uzito ule ule. Basi nyota za kugongwa kwa mbele hulinganishwa baina ya magari yanayokaribiana uzito tu, tofauti isizidi paundi 250, kama kilo 113. Gari dogo la nyota tano na gari kubwa la nyota tano hayako sawa yakikutana uso kwa uso.

Na kwenye njia yenu hamtakutana na ukuta. Sisi tuliipita njia hiyo tulipokwenda Njombe kwa shughuli za da'wah, na wenzetu wa visiwani wasioijua tuwaelezee kidogo. Kutoka Dar es Salaam unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi, unapanda mlima wa Kitonga, Iringa, Mafinga, mpaka Makambako. Njia hii ndiyo ya malori ya Zambia na Kongo, yenye matela marefu, usiku na mchana. Makambako unaiacha barabara ya Tunduma unashika ya Songea, kama kilomita 60 unafika Njombe. Hapo Itoni unakata kwenda Ludewa. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, kwa kuwa ni nchi ya milima na mvua nyingi, na huko mbele kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mizigo ambayo lami isingeistahamili. Asubuhi ukungu hushuka mpaka huoni gari lililo mbele yako. Mtu aliyezoea kuendesha Mwanakwerekwe na Darajani, ambako adui yake mkubwa ni vespa na msongamano, anakuta baridi, kona na miteremko inayochemsha breki. Hakuna takwimu ya Florida wala ya Tokyo iliyokusanywa kwenye mteremko wa Mawengi.

Jingine: nyota zilipewa gari jipya. Gari tunalouziwa sisi lina miaka 12 au 15 na limeshaishi maisha yake Japan. Wengi mmesikia khabari ya mifuko ya hewa ya Takata, iliyofanya magari mengi mno duniani yaitwe kurudishwa kiwandani, katika wito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Kemikali iliyomo ndani ya kifaa cha kuifurisha mifuko hiyo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, kisha siku ya ajali kifaa hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevunyevu, yaani hali ya hewa ya pwani yetu. Gari lile lile lililopata nyota kwa sababu ya mfuko wake wa hewa linaweza leo kuwa na mfuko huo huo kama hatari. Nambari ya chesisi ndiyo inayoweza kuulizwa kwa mtengenezaji kama gari lilishaitwa kurudishwa na kama kifaa kilibadilishwa.

Wala jina la gari halitoshi. Mwaka 2017 shirika la Global NCAP lilianza kupima magari yanayouzwa Afrika, na katika matano ya mwanzo matokeo yalitoka sifuri kwa Chery QQ3 mpaka nyota nne kwa Toyota Etios. Mwaka 2019 wakagonganisha pikapu mbili za Nissan: moja mpya iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, nyingine ya mwaka 2015 iliyokwisha kutumika Ulaya. Dereva wa ile mpya ya Afrika angekuwa katika hatari kubwa ya kufa, na wa ile kuukuu ya Ulaya angeweza kushuka akatembea. Kwa hiyo hoja ya mume wako kwamba jipya zaidi ndilo salama zaidi nayo haisimami peke yake.

Kabla ya kuja kwenye hukumu, kuna hesabu moja ya mitaani tunaisikia hata kwa watu wa msikitini: "Mkanda haufai kitu. Ajali ile wengi waliokufa walikuwa wamefunga." Sikiliza. Tuseme watu 1,000 wamepata ajali, 900 wamefunga mikanda na 100 hawakufunga. Waliofunga wakafa 5 katika kila 100, wakawa 45. Wasiofunga wakafa 10 katika kila 100, wakawa 10. Jumla maiti 55, na 45 kati yao walifunga! Mwenye kuhesabu maiti peke yake atasema mkanda unaua, na ilhali umepunguza hatari kwa nusu. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa waliokaa nyuma kwa asilimia 25.

Na wapo watakaosema ajali ni qadari, haya mahesabu ya nini. Ni kweli kila jambo ni kwa qadari ya Allaah. Lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache ategemee, alimwelekeza amfunge kisha ategemee. Na 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipowarejesha watu wasiingie Shaam kwenye tauni na akaulizwa kama anaikimbia qadari, alijibu kwa maana ya kwamba wanatoka kwenye qadari ya Allaah kwenda kwenye qadari ya Allaah. Kukagua tairi ni katika kumfunga ngamia.

Sasa hukumu.

Wafanya biashara wa zamani walikuwa na hila katika mifugo inayoitwa taswriyah: mnyama haachwi akamuliwe siku mbili tatu, chuchu zikajaa, akapelekwa sokoni. Mnunuzi huona kiwele kikubwa akadhani maziwa yake ni hivyo kila siku. Muuzaji hakusema neno la uongo. Maziwa yalikuwapo kweli, kiwele kilikuwa kimejaa kweli. Hata hivyo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliikataza, na akampa mnunuzi khiyari ya siku tatu, amrejeshe mnyama pamoja na pishi ya tende. Wanachuoni wetu wa Kishafi'i wakachukua hapo kwamba mauzo yanasihi, ila kitendo ni haramu na mnunuzi ana khiyari. Vile vile ni maarufu kisa cha Mtume kuingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta umaji chini, akamkemea mwenye chakula kwa kutouweka juu watu wauone.

Tangazo la "9 katika 10" ni kiwele kilichojazwa. Mfano wa wazi zaidi ni wa mwaka 1990 huko Texas, ambako tangazo la Volvo lilionesha gari la magurudumu makubwa likipanda juu ya magari yaliyopangwa, yote yakabonyea isipokuwa Volvo. Ikaja kubainika kwamba Volvo lile liliongezewa nguzo za ndani na mengine yalikatwa nguzo zao. Mwanasheria Mkuu wa jimbo akalifikisha jambo mahakamani na kampuni ikaliondoa tangazo lake. Sheria ya Marekani na fiqhi yetu zilikutana hapo.

Hata hivyo tusifanye kila sifa kuwa dhambi. Muuzaji akisema "gari zuri hili, utalipenda", hiyo ni sifa ya jumla na kila mtu anajua ni maneno ya muuzaji. Akisema "lina mifuko sita ya hewa na halijapata ajali", huyo amelisifu kwa sifa maalumu, na ikidhihiri kinyume mnunuzi ana haki ya kulirejesha, kwani sifa aliyoshurutishiwa haipo. Na anayejua kwamba kilomita za gari zimerudishwa nyuma akanyamaza, huyo amefanya ghishi bila shaka yoyote. Kauli ya "200, hakuna aliyefariki, salama asilimia 100" iko katikati. Idadi si sifa ya jumla. Ni khabari, na mwenye kuitoa ameshuhudia. Kama kweli hakuwafuatilia wateja, ametoa ushahidi wa asichokijua. Ama "asilimia 100" ni uongo kwa kila hali, kwani hakuna gari la namna hiyo juu ya ardhi.

Shemeji yako, ikiwa aliisambaza akiiamini, tunataraji hana dhambi kwa yaliyopita. Baada ya kubainikiwa, haifai kwake kuendelea nayo, na wale aliowapelekea awaandikie tena kwamba kauli ile haina uthibitisho. Kamisheni ya udalali kwa asili yake ni halali, maadamu ni malipo ya kazi iliyojulikana na makubaliano yako wazi. Kinachochafua ni mauzo yaliyopatikana kwa kumdanganya mnunuzi hali ya kuwa dalali anajua. Na mume wako asimwite nduguye mwongo. Kutojua hesabu si uongo, na kununiana kwa ajili ya gari ambalo hata halijanunuliwa ni hasara ya mwanzo kabla ya ile ya petroli.

Umetuuliza pia mlinunue lipi, ingawa si kwa maneno hayo. Nyinyi ni watu saba. Gari la watu watano, hata liwe na nyota zote za mbinguni, litawapa watoto wawili nafasi ya mapajani, na mtoto wa mapajani hana mkanda, wala hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia gari likisimama ghafla kwenye mteremko. Kwa hiyo rai yetu inaelekea kwenye gari la watu saba, kwa sababu ambayo haimo kabisa kwenye tangazo la yadi. Lakini kwa sharti likaguliwe na fundi wenu, si wa yadi. Aangalie breki. Aangalie matairi, kila tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015, na tairi la umri huo hata likiwa na meno mazuri lisikupeleke Makambako. Auulizie mfuko wa hewa kwa nambari ya chesisi. Na kwenye safari yenyewe mwendo upunguzwe, kwani Shirika la Afya Duniani linataja kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Kisha wewe mwenyewe, kabla pesa hazijatoka, ingia ndani ya gari uvute mikanda yote saba mmoja mmoja mpaka usikie imebana. Ile ya siti za nyuma kabisa mara nyingi imefunikwa na makava ya siti au imesukumiwa chini. Muuzaji akikuambia "hiyo ya nyuma haitumiki", mwambie kuna watoto wawili watakaokaa hapo.

Wa Allaahu A'lam.